Viazi vya ndoo chini ya paa: yapi ni kweli, yapi ni ya kusikia tu

Kiangazi cha mwaka jana kikielekea mwisho, mama mmoja jirani yangu hapa Kasulu alinisimamisha njiani. "Mwakeye, kaka. Njoo uone viazi vyangu." Nyuma ya jiko alikuwa amepanga ndoo saba nyeusi na viroba vinne, akavifunika kwa nailoni iliyofungwa kutoka ukutani hadi kwenye miti miwili, pande zote zikazibwa hadi chini. Majani yalikuwa yamefika kifuani, ya kijani kibichi kinachopendeza machoni. Tukamwaga ndoo ya kwanza. Tukakuta mizizi, vikamba vyeupe, na viazi vinne vya ukubwa wa gololi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakutaka tena kuimwaga. Alivuta kigoda akakaa, na kwa muda hakusema neno. Nailoni ile alikuwa ameinunua kwa fedha ya maharage.

Mama yule si mvivu na si mjinga. Alifanya kila alichoambiwa. Tatizo ni kwamba aliambiwa mambo ya nchi nyingine. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno ninayoyasikia kuhusu viazi mviringo vya kwenye vyombo, Kasulu mjini, soko la Makere, Kibondo, na kwa watu wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambako uwanja wa nyumba ni mdogo na kiroba cha udongo ndilo shamba. Mengine ni kweli tupu. Mengine yamewagharimu watu msimu mzima.

"Nailoni huleta joto, na joto hukomaza viazi mapema."

Si kweli, si huku kwetu. Na hili ndilo lililomponza jirani yangu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kiazi kina tabia ambayo mahindi hayana. Majani yake yanapenda jua, lakini kile tunachokula kinatungwa chini, kwenye ubaridi. Udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20, vile vikamba vyeupe vinavyochomoza kwenye shina chini ya ardhi huvimba nchani na kuwa viazi. Udongo ukipanda kufikia nyuzi 29 au 30, kazi hiyo inasimama. Mmea haufi, na hapo ndipo unapodanganya: unazidi kurefuka na kupendeza, kwa sababu chakula ambacho kingeshuka chini kinabaki juu kwenye majani. Usiku wenye joto una madhara makubwa kuliko mchana wenye joto, na nailoni iliyozibwa pande zote hulifungia joto la mchana likalala humo humo.

Ongeza rangi ya ndoo. Tuta la shambani hupigwa jua kwa juu tu, ubavuni ni udongo mtupu unaoshikana na dunia nzima. Ndoo nyeusi hupigwa jua juu na kila ubavu. Tia mkono kwenye udongo wa ndoo ya namna hiyo saa nane mchana mwezi Septemba, utaelewa mara moja bila kipimajoto.

Maneno ya nailoni yametoka kwenye nchi za baridi. Katika kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, wana kiazi chao maarufu cha mapema, Jersey Royal, na vile vya kwanza kabisa vya mwaka hukuzwa ndani ya nyumba za kioo. Wana haki. Baridi yao inagandisha umande na kuyaunguza majani usiku mmoja, na asiyefunika hana viazi vya mapema. Hata Njombe na Makete wanaijua baridi ya aina hiyo. Kasulu haijui, Kibondo haijui. Ukifunika kujikinga na adui asiyekuwepo, unamkaribisha aliyepo.

Kwa hiyo paa liwe juu, kimo cha mtu au zaidi, na pande zote ziwe wazi upepo upite. Ndoo zisogezwe karibu karibu zikingane jua. Zile za pembeni zivishwe nyasi kavu au zipakwe chokaa nje. Ukiweza kuzizika theluthi moja ardhini, zizike; ardhi ya huku ni jokofu lisilodai umeme.

"Kasulu na Kibondo si nchi ya viazi mviringo."

Kuna ukweli ndani yake, lakini mtu akiishia hapo amekosea.

Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana ukishuka Kigoma mjini unavua koti. Heru Juu na vilima vya Manyovu, kule Buhigwe, ni pa baridi zaidi. Lakini sisi si Njombe, iliyo karibu na mita 2,000. Tuko mpakani: kiazi kinakubali, ila hakisamehe makosa. Kosa ambalo mkulima wa Njombe analifanya na bado akavuna, hapa linakula mavuno yote.

Cha kutusaidia ni kiangazi. Juni, Julai na Agosti mbingu ni kavu, mchana ni wa jua na usiku wa baridi ya kutosha kulalia blanketi mbili. Hizo ndizo siku za kiazi, mradi kuna maji. Nchi za baridi zikisema viazi vya mapema maana yake ni vya kabla ya majira ya joto. Kwetu neno "mapema" lina maana nyingine: unapanda mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, unavuna Septemba, kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza na kabla ya miezi ile ambayo ghala la mahindi linaonyesha sakafu. Aina za kawaida huchukua siku 90 hadi 120. Hesabu kurudi nyuma kutoka mvua ya kwanza, usianze kuhesabu siku uliyopata nafasi.

Na tusijifanye walimu peke yetu. Warundi wengi waliofika Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 walikuwa wakulima, na wale wa nyanda za juu, Mugamba na Bururi, wamelelewa na ikiraya, kama wanavyokiita kiazi hiki, tangu utotoni. Vivyo hivyo Wakongo wa Kivu Kusini, ambao wako Nyarugusu tangu 1996. Wapo kati yao waliolima milimani juu ya Uvira na Fizi. Ukitaka kujua jinsi macho ya mbegu yanavyotakiwa kuonekana, waulize hao kwanza.

"Viazi ulaya asili yake ni Ulaya."

Si kweli. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wa pande za ziwa Titicaca walikilima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kukiona. Ulaya ilikuwa njia tu. Jambo hili lina maana kwa mwenye ndoo: ni mmea wa mlimani karibu na ikweta, wa jua kali na usiku wa baridi, si mmea wa nchi ya mawingu.

"Kama joto ni baya, basi paa halina kazi."

Si kweli. Paa lina kazi kubwa, ila kazi yake ni mvua.

Adui mkubwa wa kiazi duniani ni ule ugonjwa ambao wakulima wengi huuita ukungu, na mabwana shamba huuita bakajani. Unaanza na doa la rangi ya maji machafu kwenye ncha ya jani, chini yake kunakuwa na utando mweupe asubuhi, na ndani ya wiki moja shamba zima linanuka kuoza. Ndio ulioingia Ayalandi mwaka 1845, katika nchi ambayo maskini walikula viazi karibu peke yake. Kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine milioni 1 au zaidi wakahama kwa meli.

Mbegu za ugonjwa huu huruka kwa upepo, na hakuna paa la kuzizuia. Lakini zikitua kwenye jani kavu hazina la kufanya. Zinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ndipo zichipue na kuingia. Paa linalozuia mvua, lenye pande wazi ili umande ukauke mapema, linaniondolea mimi mwenye ndoo sababu kubwa ya kununua dawa ya kupulizia. Na maji ya kumwagilia yawekwe kwenye udongo, si juu ya majani. Mtu anayejenga paa halafu anamwagilia majani kwa kopo kutoka juu amejiletea mvua yake mwenyewe.

Nailoni angavu ni nzuri kwa kazi hii, iwe juu tu. Turubai haifai, inazuia mwanga. Mmea utarefuka ukitafuta jua na viazi vitakuwa haba. Asiye na nailoni apande mwanzo wa kiangazi. Kiangazi chenyewe ni paa.

"Ukizidi kujaza udongo, viazi hupanda ghorofa kwa ghorofa."

Hili lina wapenzi wengi. Kwenye simu zetu zinazunguka picha za pipa au kiroba kilichosimama kimo cha mtoto, na maneno kwamba kila udongo unapoongezwa shina linatoa viazi vipya, mpaka kiroba kimoja kitoe kilo 40 au 50. Sijawahi kuona kiroba hicho, na nina sababu ya kusema hakipo.

Udongo hautengenezi viazi, ni chumba tu cha kuviwekea. Kinachotengeneza ni jani, kwa jua, hewa na maji. Shina moja lina majani ya kutosha kujaza viazi vya shina moja, hata ukilipa chumba cha ghorofa tano. Na kila unapofukia majani mabichi chini ya udongo umefunga jiko huku ukingojea chakula.

Aina zinazokomaa mapema, ambazo ndizo tunazozitaka, huwa zinatunga viazi vyake katika tabaka moja jirani na mbegu, ndani ya siku chache, kisha zinavinenepesha. Zipo aina za kuchelewa ambazo huendelea kidogo kupanda juu, lakini hizo zinakudai muda mrefu na maji mengi, na kwetu maji na muda ndivyo vilivyo haba.

Tuifanye hesabu ya shamba, kwa kuwa hesabu haina ushabiki. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, hekta moja inabeba mashina kama 44,000. Mkulima akivuna tani 10, kila shina limempa gramu 225 hivi. Akivuna tani 30, naye ni mkulima hodari mwenye mbegu safi, kila shina limetoa chini ya gramu 700. Basi ndoo ya lita 20 yenye mbegu moja ikikupa kilo 1, umelishinda shamba la jirani. Ikikupa kilo 2, mwite aje aone. Anayekuahidi kilo 50 anataka kukuuzia kitu.

Hata hivyo kuinulia udongo kuna haki yake. Jaza theluthi moja ya ndoo, weka mbegu, ifunike kwa upana wa kiganja. Shina likifika kimo cha shibiri, ongeza udongo nusu ya kimo hicho. Rudia mara moja tena, basi. Udongo huo unazuia mwanga usivifikie viazi, unavipooza, na unamzuia nondo wa viazi, ambaye hupenda sana kiangazi na hutaga mayai yake kwenye kiazi kilichochungulia nje.

"Gunia linalootesha mchicha linaotesha na viazi."

Si kweli. Gunia la mboga lenye mashimo ubavuni ni kitu kizuri. Huko Kibera, Nairobi, shirika la Kifaransa la Solidarités liliyasambaza mwaka 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi, na sukumawiki ikaning'inia kwenye vichochoro. Lakini mboga inaliwa jani. Kiazi kinataka giza na udongo wenye ubaridi ulio sawa. Shimo la ubavuni linaingiza mwanga, linatoa maji, na shina linalotokea hapo linakosa pa kutunga. Kwa viazi kiroba kisitobolewe ubavuni, kikunjwe mdomo nje kama mkono wa shati, kisha kikunjuliwe kadiri udongo unavyoongezwa.

"Udongo wa ndoo hauna magonjwa."

Ni kweli kama uliuchagua. Ni uongo kama uliuchota popote. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo ndoo inapopata heshima yake katika nchi ya Kasulu na Kibondo.

Kuna ugonjwa unaitwa mnyauko. Mchana mmea unalala kama umekosa maji, jioni unaamka, siku ya tatu au ya nne hauamki tena, na majani bado ni ya kijani. Unaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo kwa miaka, na wanapenda joto; ndiyo sababu unatusumbua sisi wa mita 1,300 kuliko walio juu kabisa. Haupulizwi dawa ukapona. Hakuna dawa. Tena haukai kwa viazi tu: unaingia nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili na tumbaku, ukoo mmoja wote. Sasa fikiria bustani ya nyuma ya nyumba ya kwetu, ambako nyanya na ngogwe zimezunguka eneo lile lile miaka kumi.

Namna ya kuutambua ni rahisi na kila mtu aijue. Kata shina la mmea uliolala, karibu na udongo. Lichovye ncha ndani ya glasi ya maji safi, lishikilie bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, ni mnyauko. Kwenye kiazi chenyewe, kikate katikati: duara la kahawia karibu na ganda, na ukiminya hutoa ute mweupe. Wakati mwingine udongo unakuwa umegandia kwenye macho yake kwa ute huo.

Shamba likishaingiwa, mwenye shamba anakaa miaka asigusie viazi hapo. Mwenye ndoo anamwaga udongo wa ndoo moja mbali na bustani, anaosha ndoo, anaanza upya. Uhuru huo ndio faida ya chombo, na unazidi kilo.

Basi udongo uchotwe kwenye mahindi au kwenye nyasi, mahali ambapo ukoo wa nyanya haujapita kwa miaka. Kiangazi unaweza kuulowesha, kuutandaza unene wa shibiri, ukaufunika kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo, jua liupike wiki 4 hadi 6. Haiui kila kitu lakini inapunguza mengi, na hapo ndipo nailoni ya jirani yangu ingefanya kazi inayostahili. Kuna wanaochemsha udongo kwenye pipa. Mimi sipendi ushauri huo katika wilaya hizi, ambako kuni zimekuwa mbali na wanawake wanaozifuata wamepata mabaya mengi njiani. Maji nayo yaangaliwe: maji ya kijito kilichopita kwenye bustani za nyanya za wengine huuleta mnyauko moja kwa moja hadi ndoo.

Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu, na kiasi cha pumba za mpunga au mchanga ili maji yapite. Jirani yangu alitia nusu ndoo ya samadi mbichi ya mbuzi. Samadi mbichi ni karamu ya majani. Inaleta na upele kwenye ganda.

"Matundu chini ya ndoo yanapoteza maji."

Si kweli. Kiazi kinachokaa kwenye maji siku mbili kinaoza. Toboa matundu sita au nane ya ukubwa wa kidole, weka kokoto juu yake.

"Kisipotoa maua hakina viazi."

Si kweli. Aina nyingine hazitoi maua kabisa, na nyingine zinatoa maua na hata vitunda vya kijani kama nyanya ndogo. Vitunda hivyo ni sumu, watoto waonywe.

"Majivu ni dawa ya viazi."

Kidogo. Yana potasiamu, na kiazi kinaipenda. Konzi moja kwa ndoo inatosha. Ukizidisha udongo unapoteza ukali wake wa asili na upele wa ganda unaongezeka. Majivu hayatibu mnyauko, hayatibu ukungu.

"Kiazi chochote cha sokoni kikichipua ni mbegu."

Si kweli, ingawa sote tumefanya hivyo. Kiazi kinaweza kubeba mnyauko au virusi vinavyosambazwa na vidukari bila kuonyesha dalili yoyote nje. Ukikipanda kwenye udongo safi uliousumbukia, umeingiza mwizi na kufunga mlango. Viazi vya kula vya nchi hii vinatoka kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, vimesafiri kwenye lumbesa siku kadhaa, na hakuna anayejua vilitoka shamba gani.

Afadhali kutafuta mbegu kidogo iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iliyothibitishwa au ya daraja la kuazimiwa ubora, ya aina kama Asante au Sherekea, ambazo zina ukinzani fulani dhidi ya ukungu. Kwa ndoo kumi unahitaji viazi kumi. Hata bei ikiwa kubwa kwa kilo, kumi vinanunulika.

Ukubwa mzuri ni wa yai la kuku. Usikate mbegu. Kisu kinachokata kiazi kimoja chenye mnyauko kinaupeleka kwa ndugu zake wote. Panga viazi vyako tabaka moja kwenye kichanja, mahali penye mwanga hafifu wa kivulini, si gizani. Mwanga huo hutoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau. Gizani yanatoka marefu meupe kama uzi, na hukatika kabla hayajafika kwenye udongo.

"Viazi vya chini ya paa havina haja ya maji mengi."

Kinyume chake. Paa limezuia mvua, na ndoo haina ardhi chini ya kuinyonya. Mmea uliojaa majani kiangazi hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku. Ndoo kumi ni nusu dumu hadi dumu moja kila siku kwa wiki kadhaa. Kiwango ambacho UNHCR hulenga kambini ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga. Yaani ndoo kumi za viazi zinaweza kunywa fungu zima la mtu mmoja. Sitamwambia mama wa Nyarugusu apande ndoo kumi bila kumwambia hilo. Apande tatu, nne, kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, na juu ya udongo atandaze nyasi kavu.

Tena maji yaje kwa kipimo kile kile. Ukiacha ndoo ikauke kisha ukaifurisha, viazi vinapasuka au vinaota vinundu kama tangawizi.

"Kiazi cha kijani ukikichemsha sana sumu inatoka."

Si kweli, na hili ni la afya, si la mavuno. Ukijani wenyewe hauna madhara, lakini ni alama kwamba mwanga umeingia, na mwanga huo huo huzidisha solanini, sumu chungu inayoleta kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Kama ni doa dogo, limenye kwa kina pamoja na macho. Kama kiazi kizima kimegeuka au kina uchungu ulimini, kitupe, na usimpe mtoto. Kwenye ndoo hatari hii ni kubwa kwa sababu kumwagilia kunaosha udongo juu. Angalia kila wiki, fukia kinachochungulia. Kilichogeuka kijani hakifai jikoni, lakini kwa mbegu kinafaa sana.

"Ndoo kumi hazilishi familia."

Kweli. Ndoo kumi zikikupa kilo 12, familia ya watu sita inakula siku chache na kushukuru. Nani atajenga paa kwa chakula cha siku chache? Swali hilo jirani yangu aliniuliza tukiwa bado tumesimama kwenye ile ndoo ya pili, na ndilo lililonifanya niyatazame mambo haya upya.

Kwenye vituo vya utafiti kama TARI Uyole, Mbeya, na Tigoni nchini Kenya, mbegu ya viazi huanzia wapi? Huanzia kwenye vyombo, chini ya paa. Miche safi iliyotoka maabara hupandwa kwenye makasha yenye udongo uliosafishwa, ndani ya nyumba za wavu unaozuia vidukari, na inatoa viazi vidogo vidogo ambavyo baadaye huzalishwa shambani msimu baada ya msimu hadi vimfikie mkulima. Hakuna anayekula viazi vya makasha yale. Kubanana kwa mashina kwenye chombo, ambako kwa mlaji ni hasara, kwa mwenye mbegu ni faida: viazi vinakuwa vingi na vidogo.

Ekari moja inataka mbegu kama kilo 800, na hapo ndipo wengi wanakwama na kukimbilia sokoni. Lakini anayeanza na viazi kumi safi kwenye ndoo kumi anaweza kupata sitini au themanini vya ukubwa wa yai. Hivyo themanini, vikipandwa kwenye kijituta ambacho hakijaona nyanya, vinakuwa mamia. Kwa nchi yetu ya mpakani, yenye mnyauko kwenye udongo na wauza mbegu walio mbali, nafikiri ndoo ina kazi hii kwanza, na chakula ni cha pili.

Mwaka huu jirani yangu alipanda ndoo sita tu, mwanzoni mwa Juni. Alizivika nyasi, na nailoni ile ile ilikuwa juu, pande zote wazi. Wiki mbili kabla ya kuvuna alikata majani yote ili ganda likomae lisichubuke kwa kidole. Septemba tulimwaga pamoja. Vikubwa vilienda jikoni siku ile ile, pamoja na maharage. Vile vya ukubwa wa yai, arobaini na moja, amevipanga kwenye kichanja chini ya upenu vipate mwanga wa kivulini, na jioni anapita kuvigeuza. Macho yataamka Novemba.